Gasketi ya Shaba

Injini ilifika Katuba bila ubongo.
Pale Kasumbalesa mtu alikata nyaya kwa kisu
akaondoka na kisanduku cha kompyuta,
akatuachia chuma cha Kijapani, kizima, kijinga,
turbo imejikunja ubavuni kama konokono.
Banza akaizunguka mara tatu, akatema mate.
"Mjinga hufundishwa," akasema.

Uani, juu ya matofali, Pijo 404 ya babu
ilikuwa inafuga kuku.
Tukawatoa. Mmoja alikuwa ametaga chini ya usukani.
Tukachomoa kabureta, nyeusi kwa masizi,
tukaichemsha ndani ya sufuria ya bukari
(sufuria haikurudi jikoni; kesi yake ingalipo).

Kabureta ni ya zamani, ina adabu zake:
huvuta hewa taratibu, kama mtu anayenusa mchuzi
kabla hajakaribishwa.
Turbo haijui hodi. Turbo inapuliza.
Siku tulipozikutanisha
boya la ndani lilipondeka kama kopo la nyanya chini ya kiatu,
petroli ikatapikwa,
nyusi za Banza zikaenda na moto.
Usiku ule hakula. Alichora mishale
nyuma ya karatasi ya deni la umeme, huku umeme haupo.

Alfajiri akanigongea dirisha:
hewa hiyohiyo inayoingia kwa nguvu kooni
ipewe njia ya kufika na juu ya bakuli la petroli,
kwa mpira mmoja mwembamba,
ili kinachopulizwa kipulizwe pande zote
kisipondeke.
Nilimshikia tochi.
Nikawaza watu fulani ninaowajua.

Ikabaki gasketi.
Ya kiwandani ilikuwa imeungua, na mpya
ni mshahara wangu wa ualimu wa miezi miwili,
mshahara wenyewe haujaonekana tangu Pasaka.

Ukutani, juu ya redio, palikuwa na sahani ya shaba
aliyopewa babu siku ya kuagwa:
MWEPU KABANGE, TANURUNI, MIAKA 31.
Pensheni haikufika. Sahani ilifika.
Hatukuitaja. Tuliitazama tu, kisha tukatazama chini,
na nkambo akatuona.
Akapanda kiti, akaishusha mwenyewe,
akaipangusa kwa kitenge.
"Jina yake miye naijua. Haiko ku kibambazi."

Shaba ina ukaidi wa kinyume:
uichome juu ya makala mpaka iwe nyekundu,
uizamishe majini, itoe mlio,
na badala ya kuwa ngumu inalegea, inakubali.
Tukachora duara nne, na vitundu vya maji, vitundu vya mafuta.
Banza akakata kwa patasi ulimi ukiwa nje.
Kisha msasa. Maandishi yangepitisha pumzi,
ilibidi uso uwe laini.
Herufi zikaanguka moja moja kwenye suruali yake,
unga mwekundu.
Nkambo hakuondoka. Alikuwa anachambua maharage
na hakukosea hata jiwe moja.

Kipande kimoja cha duara kilinusurika msasa.
Kina 31 pembeni.
Anafunikia kikombe chake cha chai, nzi wasiingie.

Jumapili tulishika barabara ya Likasi,
nkambo nyuma, mkoba magotini,
mnara wa moshi wa kiwanda ukipungua kwenye kioo.
Ukikanyaga, kwanza hakuna kitu.
Unahesabu moja. Unahesabu mbili.
Unaanza kujiona mpumbavu.
Halafu mluzi chini ya boneti, mwembamba, unapanda,
na kiti kinakusukuma mgongoni kama mtu mwenye haraka.
Malori ya madini yakarudi nyuma, moja, jingine, jingine.
"Inachelewa," nkambo alisema.
"Inajaza pumzi kwanza," Banza akajibu.
"Nimesema inachelewa. Sijasema isimame."

Tulirudi usiku kwa taa moja, tunanuka petroli,
mafuta yanadondoka mahali ambapo Banza
bado anapatafuta kwa kidole.
Gasketi haikuvuja.

Jumatatu kuku yule alirudi, akazunguka gari,
akapita dirishani,
akataga kwenye kiti cha nyuma.